Kidole cha Ukurasa wa Kumi na Moja

Siku ya kwanza niliyokwenda kwa shosho Lenah nilitapika. Hata mlangoni sikuwa nimefika. Nilishika ukuta wa mabati, nikageuza uso, na chai yote ya asubuhi ikarudi. Yeye alisimama na ndoo mkononi akingoja nimalize, kisha akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki.

"Sukutua uteme. Usimeze," akasema. "Kila mtu huanza hivyo. Daktari mwenyewe alitapika mara mbili, na alikuwa na digrii tatu."

Kazi ndiyo iliyonipeleka pale. Mimi ni mtu wa Embu, wa kule juu Kibugu kwenye majani chai, lakini niliolewa huku Meru, na sasa baba wa mtoto wangu akiwa Isiolo kwa kazi ya barabara, mimi na binti yetu Kinya tunakaa chumba cha kupanga mtaa wa Majengo. Nimeajiriwa kwenye duka la Murithi la kupiga chapa. Murithi huchora na kupanga picha kwenye kompyuta, mimi huandika maneno. Kazi zetu nyingi ni programu za mazishi. Familia inaleta picha kumi na mbili na karatasi iliyojaa majina, nami naandika kwamba marehemu alizaliwa, akasoma, akaoa, akabarikiwa na watoto wafuatao. Naandika vizuri, sisemi kwa kujisifu. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka ishirini na sita, masomo ya jioni, Kinya amelala mgongoni, na mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiniambia, "Ruguru, mkono wako ni wa vitabu." Nilimwamini. Bado namwamini.

Kwa hivyo mteja mmoja, Kiunga, alipoingia dukani akasema hataki programu, anataka kitabu cha watoto chenye picha kuhusu marehemu baba yake, nilikaribia kumkumbatia.

Baba yake alikuwa Daktari Kathuri, yule wa funza wa kuku. Huku kwetu kila mfugaji anamjua. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, na ndiye aliyewafundisha watu kufuga wale nzi weusi wakubwa wasiouma, ambao mabuu yao hula taka za soko, na kuku hula mabuu. Mtu mwenye kuku hamsini akaacha kukimbizana na bei ya chakula cha dukani. Sasa mwaka mmoja wa kifo chake ulikuwa unakaribia, na familia ilitaka kitabu cha kugawa kwa watoto wa shule.

Vitabu vya aina hiyo navijua. Maktaba ina rafu moja ya wanasayansi maarufu katika picha, na kila Jumamosi tunaazima kimoja na Kinya. Mwanasayansi ni mtoto mdogo mwenye maswali, kisha ni kijana anayechekwa, kisha ni mtu mzima mwenye koti jeupe aliyesimama kati ya chupa zinazong'aa, mwisho anapewa nishani. Kinya alivipenda mpaka siku moja akaniuliza, "Mama, hizo chupa huoshwa na nani?" Nikafungua kurasa zote. Hakuna aliyekuwa anaosha.

Kiunga aliniachia daftari la baba yake la kazini nilisome. Mwandiko wa daktari ulikuwa mbaya sana, lakini mahali pamoja alikuwa amekandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka: *Lenah ameleta katoni. Mayai yako kwenye mikunjo! Miaka miwili tumeyatafuta mahali yasipokuwepo.*

Lenah nilimjua. Ni yule shosho, bibi kizee anayekaa nyuma ya soko, anayezoa maembe yaliyooza na damu iliyochanganyika na vumbi la mbao kwenye vichinjio vya Majengo. Watoto humwita Shosho Funza. Wakipita kwake hushika pua na kutema mate. Binti yangu pia hutema. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimebana pumzi.

Baada ya kusukutua niliingia. Kulikuwa na makarai manane juu ya mbao, yamefunikwa magunia. Aliinua gunia moja, na ndani kulikuwa kunachemka. Ndizi nyeusi, maganda, kitu fulani chekundu, na chini yake maelfu ya mabuu wakipandana, na sauti yao, sauti ambayo sitaisahau, kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Niliangalia pembeni.

"Usiwaonee aibu," shosho akasema. "Wao hawakuonei."

Alinieleza akiwa amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja na alinipa mimi. Alikuwa mfagiaji pale kituoni. Daktari na wenzake walikuwa na nzi, walikuwa na chakula cha nzi, lakini mayai hawakuyapata. Wakachunguza kile chakula kwa vioo vya kukuza, kila siku, miaka miwili. Yeye alikuwa anabeba taka zao nyumbani awape kuku, na siku moja, akivunja katoni kuukuu iliyokuwa karibu na ndoo, akaona kwenye mikunjo yake kitu cheupe kama unga wa ugali uliokauka.

"Nikajua ni mayai. Mama gani atazaa mtoto wake juu ya sahani?" akasema. "Utamzaa mahali pakavu, karibu na chakula. Nikampelekea daktari ile katoni. Akachuchumaa hivi, akaniangalia kama malaika. Akaja hapa kwangu mara nyingi baada ya hapo. Nilimfundisha mimi. Hata maji ni mimi niliyemwambia apunguze, alikuwa anawazamisha mabuu."

Aliongea akinyoosha mikono, na hapo ndipo nilipoona kidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kwanza, ncha yake imekunjana kama mdomo wa mfuko uliofungwa.

"Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi," akasema kabla sijauliza. "Nilikuwa msichana. Wewe piga picha, si umekuja na simu?"

Nikapiga mikono yake ikiwa imeinua katoni iliyokunjwa. Nilipokuwa naondoka akanishika bega kwa mkono uleule, na nikajilazimisha nisirudi nyuma.

"Utaniandika?"

"Nitakuandika, shosho."

"Sitaki kitu. Daktari alisema siku moja wataandika, halafu akafa. Nataka tu hawa watoto wakipita hapa wasiteme. Mtu anazeeka akitemewa mlangoni, unaelewa?"

Nikamwambia naelewa. Nikaahidi tena, mara ya pili, bila kuombwa.

Niliandika kitabu kile siku tisa, asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Kurasa kumi na sita. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wake: Daktari Kathuri amechuchumaa, shosho Lenah amesimama mbele yake ameinua katoni, na maneno yangu chini: *"Mayai yako hapa," Lenah akasema. Daktari akacheka kwa furaha. Miaka miwili alikuwa ameyatafuta mahali yasipokuwepo!* Murithi alichora mikono kwa kufuatisha ile picha ya simu, mstari kwa mstari, mpaka mishipa. Niliutazama ukurasa ule nikaona, kweli, mkono wangu ni wa vitabu.

Kisha tukaitwa mbele ya kamati.

Nilidhani tutakaa na Kiunga peke yake. Lakini kwao kitu chochote chenye picha ya marehemu ni jambo la kamati, na kamati ilikuwa ileile ya mazishi. Watu kumi na mmoja walikuwa wamekaa sebuleni kwa mjane, upande wa Nkubu, kwenye makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kufuma. Mwenyekiti alikuwa Mzee Riungu, kaka mkubwa wa marehemu. Alivaa miwani, akachukua nakala, akaifungua kutoka nyuma, vile watu hufungua programu ya mazishi wakitafuta jina lao.

"Mimi niko wapi?"

"Mzee, ni kitabu cha watoto," nikasema. "Kinaeleza kazi ya daktari."

"Sawa. Na hiyo kazi aliifanya bila kusoma? Karo yake ya kwanza ililipwa na nani?"

"Na shemeji wa Chuka?" mama mmoja akauliza kutoka pembeni. "Naona hayuko. Atakasirika huyo, mnamjua."

"Wajukuu wapangwe kwa umri," mwingine akasema. "Mara ya mwisho mlimweka wa mwisho mbele kwa sababu ako Amerika."

Kiunga akawatuliza. "Baba mkubwa, tutaweka ukurasa wa familia mwishoni, wote watakuwepo. Endelea kusoma."

Mzee akaendelea, ukurasa baada ya ukurasa, akilamba kidole kila anapofunua. Alipofika wa kumi na moja kidole kikabaki mdomoni.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni Lenah, mzee. Alikuwa mfagiaji kituoni. Ndiye aliyeona mayai."

"Nimeuliza ni nani kwetu."

"Si ndugu."

"Kama si ndugu, anafanya nini chumbani na kaka yangu usiku?"

"Si usiku," Murithi akajitetea. "Hapo ni ndani tu, mzee, sikuchora dirisha."

"Na kaka yangu amechuchumaa! Amemchuchumalia mwanamke! Mimi nilikuwa mbele yake darasani, sijawahi kumwona akichuchumaa."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Lakini mzee hakuwa anatania. Alivua miwani.

"Nyinyi watoto hamjui. Mnakumbuka mazishi ya Mwaniki? Waliandika jina la yule mama kwenye shukrani, 'rafiki wa familia', kwa upole tu. Alibeba hiyo karatasi kwa wakili, akadai urithi. Leo analima upande wa mtoni, na anatusalimia! Mtu akitajwa, ametambuliwa. Na huyu hamkumtaja tu, mmemchora."

Sebule nzima ikaitikia kwa koo. Nikaona sasa kosa lao, na nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Walikuwa wanasoma kitabu cha watoto kama orodha ya warithi. Nikatoa lile daftari la marehemu, nikawafungulia mahali palipotoboka.

"Ona, mzee. Ni mwandiko wake mwenyewe."

Mzee Riungu alisoma polepole. Kisha akalifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake na kufunga kifungo.

"Hii ni mali ya familia," akasema. "Asante kwa kuitunza."

Hakuna aliyenitazama. Mjane, Mama Kiunga, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa amekaa wima na nakala yake magotini. Alikuwa ameigusa picha ya mabuu kwa bahati mbaya na sasa alikuwa anajifuta kidole kwa karatasi laini, kidole kimoja, tena na tena.

"Na hawa minyoo lazima wawe wengi hivi?" akauliza.

"Wapunguzeni," Kiunga akasema. "Na hapo kwa huyo mama, wekeni mama yangu. Yeye ndiye aliyesimama naye miaka yote."

"Mimi? Nimeshika hiyo kitu?"

"Ni picha tu, mama. Unashika katoni. Hakuna mdudu."

"Baba yako alikuwa anaoga nje kabla ya kuingia nyumba yangu, unakumbuka."

"Mama, ni picha."

Akarudi kujifuta kidole. Kiunga akanigeukia, na alikuwa mpole, hicho ndicho nisichoweza kumsamehe. "Madam Ruguru, jina lako litakuwa kwenye jalada, kubwa. Na baada ya hiki kuna vingine, tunataka mfululizo mzima wa wanasayansi wa mlimani. Tunataka uandike wote. Ama tutafute mtu mwingine?"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, chai yenye maziwa mengi, imepoa, imefanya utando juu. Nikasema, "Sawa."

Nikasema sawa, kisha nikanywa ile chai kwa adabu, na utando ukanishika mdomoni. Funza wa shosho Lenah niliwatapika. Hiyo chai niliimeza.

Kwa Murithi haikuchukua hata dakika ishirini. "Ni kichwa tu," akasema, na akamkata shosho shingoni, akaweka uso wa Mama Kiunga kutoka kwenye picha ya harusi ya fedha, akampaka gauni la samawati. Mkono wa kushoto akauvisha pete. Mimi nikabadilisha maneno: *Mke wake mpendwa akasema.* Vidole vyangu vilikuwa vinaandika vizuri kama kawaida, na nilivichukia. Nilinuka. Sijui kueleza vingine. Nilioga jioni ile mara mbili na bado nilinuka mimi mwenyewe.

Kiunga aliidhinisha kwenye simu, kwenye kioo kidogo, akatuma alama ya kidole gumba. Murithi akaweka faili tayari kwa mashine, akaniita nikague mara ya mwisho.

Ukurasa wa kumi na moja. Mama Kiunga anatabasamu, nywele zimetengenezwa, gauni safi. Na mkono wa kulia ulioinua katoni, wenye mishipa, mweusi wa jua, una kidole cha shahada kilichokatika kwenye kiungo cha kwanza.

"Kuna kitu kingine?" Murithi akauliza.

Nikautazama muda mrefu.

"Hakuna," nikasema. "Piga."

Wiki ile nilimkwepa shosho. Nilizunguka kwa msikiti ili nisipite nyuma ya soko. Lakini nilimkuta sokoni kwenyewe, ameinama juu ya fungu la kabichi zilizooza.

"Mwandishi wangu! Kitabu kimefika wapi?"

"Kiko kwa mashine, shosho."

"Nimesikia ni Ijumaa, pale shuleni kwa Kinya. Nitakuja. Nimenunua sabuni ya kuogea, ile ya harufu. Sitakuaibisha."

Ningemwambia pale pale. Mdomo nilikuwa nao. Nilimsaidia kuinua gunia, basi.

Ijumaa mchana walipanga viti uwanjani. Mbele walikaa kamati, Mama Kiunga katikati amevaa gauni la samawati kama la kwenye kitabu. Sijui kama alilishona kwa ajili hiyo. Watoto wa gredi ya pili walikaa chini kwenye nyasi, kitabu kimoja kwa watoto wawili. Shosho Lenah alisimama nyuma kabisa karibu na tangi la maji. Alikuwa ameoga mpaka uso unang'aa, amevaa kitambaa cheupe kichwani, na hata hivyo wanawake wawili waliokuwa karibu naye walisogea.

Niliitwa nisome, kwa kuwa ni mimi niliyeandika. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilipofika wa kumi na moja nikasoma lile neno, *mke wake mpendwa*, na nikainua macho. Shosho alikuwa bado anatabasamu. Kusoma hajui. Alikuwa anasubiri jina lake lifike.

Watoto hawakuwa wananisikiliza. Watoto wa umri ule hawasomi maneno, wanasoma picha, na mimi nililijua hilo siku niliyosema "piga". Nikaona Kinya anaisogeza pua yake kwenye ukurasa.

"Madam!" akamwita mwalimu wake, Madam Wambeti, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Madam, huu ni mkono wa Shosho Funza!"

"Kinya, nyamaza."

"Lakini angalia kidole! Kimekatika! Ni wake!"

Vichwa vyote vikainama. Vitabu vikageuzwa, vikanyanyuliwa juani. Kisha, kwa vile ukurasani kidole kilikuwa cha mama mwenye gauni la samawati, na mama mwenye gauni la samawati alikuwa ameketi pale mbele, kijana mmoja akafanya hesabu yake akaamua.

"Huyo ndiye Shosho Funza mwingine!"

"Shosho Funza! Shosho Funza!" Wakaanza wote, na wengine wakashika pua, na mtoto wa mstari wa kwanza, nasema ukweli, akatema mate kwenye nyasi karibu na viatu vya Mama Kiunga. Si kwa ubaya. Ndivyo walivyozoea kufanya.

Mama Kiunga aliruka kutoka kitini kama amekalia moto. "Ati mimi? Mimi sijawahi kushika hao wadudu! Siku moja!" Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya watoto, mikono laini, vidole kumi vizima. "Angalieni! Huo si mkono wangu!"

"Mama, keti," Kiunga akamnong'oneza.

"Sikai! Nimewaambia tangu mwanzo. Miaka ishirini nilimwambia baba yako asiniletee hiyo harufu. Aliyekuwa anashika hizo katoni ni yule mama wa Majengo, Lenah, mfagiaji. Kila siku Lenah amesema hivi, Lenah amesema vile, mpaka mezani. Mwulizeni yeye! Si huyo amesimama kwa tangi?"

Mzee Riungu alifumba macho. Midomo yake ilisogea, na nadhani alikuwa anahesabu mashamba. Lenah ametambuliwa, mbele ya shule nzima, na mjane mwenyewe.

Watoto waligeuka wote kwa pamoja. Shosho Lenah hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ameelewa, si yote, lakini kichwa cha nani kiko kwenye shingo ya nani alikuwa ameelewa, na alinitazama mimi, si wao.

Nilikuwa bado nimeshika kitabu. Nikasema kwa sauti ileile ya kusomea, "Watoto, ukurasa wa kumi na moja nimeandika uongo. Aliyeona mayai ni shosho Lenah. Daktari aliliandika kwenye daftari lake, na daftari liko kwenye koti la huyu mzee."

Sikumaliza kitabu. Kiunga alinishika kiwiko akanitoa mbele, bado kwa upole, akaniambia mfululizo umeishia hapo na nisifike kwao tena. Nikamwambia sawa. Hiyo sawa ilikuwa na ladha nyingine.

Shosho alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu nilikwenda na Murithi shuleni. Alikuwa amekasirika, kwa kuwa kamati ilikuwa imesema haitarudi kwake hata kwa msiba, lakini alikuwa amekuja na mkasi na karatasi za kunata, na kwenye kila karatasi vichwa ishirini vya shosho Lenah. "Nilikikata kichwa chake kwa dakika ishirini," akasema, "siwezi kulala nacho." Madam Wambeti alifunga mlango wa darasa. Watoto wakabandika wenyewe. Vichwa vingine vilikaa kwenye bega, kimoja kilibandikwa kwa daktari, na yale maneno ya chini, mke wake mpendwa, wakayakata kwa penseli wakaandika LENAH kwa herufi za kulala kila upande.

Baada ya shule nilimpitisha Kinya nyuma ya soko. Kwenye ukuta wa mabati alisimama, na nikaona mkono wake unaelekea puani.

"Mama, inanuka."

"Inanuka sana," nikasema. "Hata mimi nasikia."

Akaufikiria mkono wake. Kisha akautia mfukoni na kuingia mbele yangu.

Shosho alikuwa anapepeta mabuu kwenye chekecheke. Hakutusalimu. Nikasimama pale nikamwambia yote, kamati, daftari, chai, kwamba waliponiuliza nilisema sawa, na kwamba kidole nilikiona nikakiacha kwa sababu sikuwa na ujasiri wa zaidi. Alisikiliza akiendelea kupepeta. Nilipomaliza akachota maji kwenye kile kikombe cha plastiki akanipa.

"Sukutua uteme," akasema.

Nikasukutua. Nikatema pale nje, mbali na mlango.

Kinya akamfungulia kitabu kwenye ukurasa wa kumi na moja. Kichwa alikuwa amekibandika yeye, kimeinamia kushoto. Shosho akajifuta mikono kwenye leso, akakishika kwa ncha, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Huyu mmemvunja shingo," akasema. Akaweka kidole chake kifupi juu ya kidole kifupi cha karatasini, kupima. "Lakini kidole kimetoka vizuri."